Akili Zalishi na Banda la Kuku

Itangazwe kwa walimu, wazazi, wapishi, walinzi na wapita njia: tangu Jumatatu saa mbili asubuhi, kutoijua akili mnemba zalishi kulipigwa marufuku shuleni. Waraka wa Afisa Elimu haukuuma maneno. Jumuiya nzima ya shule ilitakiwa iwe imeielewa teknolojia hiyo ifikapo Ijumaa, saa nne kamili, kabla ya chai.

Mwalimu Mkuu si mtu wa kukurupuka. Aliusoma waraka mara tatu, akalichambua neno "zalishi" mpaka akafika kwenye shina lake. Zalishi, uzalishaji. Na pale shuleni kitu pekee kilichozalisha chochote kilikuwa banda la kuku. Basi jalada likapelekwa, kwa kufuata taratibu, kwa mwalimu wa Kilimo, ambaye kila mtu, hata mkewe, alimwita Bwana Kuku.

"Mkuu, mimi mambo ya kompyuta siyajui," Bwana Kuku alilalamika.

"Ndiyo maana umeteuliwa. Huna upendeleo."

Angecheka, ila ukurasa wa pili wa waraka ulimkata maini. Banda lake lingebomolewa kupisha Kituo cha Umahiri wa Akili Zalishi, kwa kuwa uchunguzi wa kina, uliofanywa kutoka dirishani mwa gari, ulibaini kwamba ndilo jengo pekee lisilotumika. Pingamizi zingesikilizwa Ijumaa hiyohiyo. Banda lile alilijenga kwa mikono yake, ubao kwa ubao, na mayai yake ndiyo yaliyowashibisha watoto waliokuja shule na njaa. Roho ilimuuma, wala hakuficha.

Jumanne alikwenda jikoni na karani wa shule, mwenye simu yenye hiyo akili ndani.

"Iulizeni kitu tunachokijua sisi," mama mpishi alishauri huku akikoroga uji. "Ndivyo anavyopimwa mgeni."

Karani akaandika: jogoo wa shule hutaga mayai mangapi? Jibu likaja kabla hajashusha kidole. Swali zuri sana! Jogoo mwenye afya hutaga mayai mawili kwa siku, moja asubuhi na moja jioni. Chini yake lilipangwa jedwali lenye wastani wa kila mwezi.

Mama mpishi alicheka mpaka akaachia mwiko. "Jamani! Mwongo ana adabu huyu!"

"Lakini juzi ilinisaidia kutunga mazoezi ya hesabu, na yalikuwa sawa," karani aliitetea simu yake.

Bwana Kuku hakucheka. Alikuwa ameliona somo lake.

Alhamisi wazazi walijaa darasani wakiwa wamefura, maana neno lile liliwafikia vibaya. "Tumesikia mnataka kuwafundisha watoto wetu mambo ya kuzaa," fundi cherehani alianza, bado ana tepu ya kupimia shingoni. "Hatukubali!"

Bwana Kuku aliweka mezani ndoo ya maji na mayai mawili. Akauliza lipi ni bovu. Wakayageuza, wakayanusa, wakabishana, wakashindwa. Akayatumbukiza ndooni. Moja likazama; jingine, lile bovu, likaelea.

"Hii mashine nayo hutaga, ila inataga maneno," alisema. "Mengi ni mazima, na yanafaa. Lakini zima na bovu yana ganda moja. Maji ya kuyapimia ni swali hili: umejuaje? Mtoto akileta insha, muulize umejuaje. Mashine ikijibu, iulize umejuaje, kisha nenda kahakikishe kwa macho yako."

Bibi wa mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono. "Na wakubwa je, mwanangu?"

"Swali ni hilohilo, bibi. Ila kwa heshima."

Ijumaa Afisa Elimu alifika darasani, mbele ya wazazi walewale, na katibu wake na hotuba ya kurasa sita. Akakohoa, akasoma kwa sauti ya mamlaka: "Nina furaha kuwafahamisha kwamba banda la kuku lilikwishabomolewa, na Kituo cha Umahiri kinafanya kazi tangu mwezi uliopita kikiwa na kompyuta arobaini. Taarifa hii nimekwisha kuifikisha kwa Waziri."

Nyuma ya darasa mtetea alipiga kelele za kutaga.

Bibi akasimama taratibu. "Samahani mheshimiwa. Kwa heshima zote, umejuaje?"

"Imeandikwa hapa, mama."

"Na nani?"

Afisa alimgeukia katibu. Katibu alikuwa akiisukuma simu yake mfukoni kama mtu anayeficha andazi. Darasa zima likaitikia, kwa adabu kubwa: "Umejuaje?"

Hotuba iliishia ukurasa wa kwanza. Afisa alimshika Bwana Kuku mkono, akamvuta mpaka kwenye wavu wa banda.

"Mwalimu, tulibomoe sasa hivi. Kimyakimya."

"Tutalibomoaje, mheshimiwa, na lilikwishabomolewa? Kulibomoa mara ya pili ni kukiri kwamba ile taarifa yako..."

"Usimalizie." Afisa alimkatiza. "Waziri anakuja Jumatatu kuzihesabu hizo kompyuta. Anahesabu kwa kidole, yule."

Akachungulia ndani ya wavu. Kisha akaomba kalamu, na papo hapo akaandika amri yenye muhuri: jengo hili, Kituo cha Umahiri, lisiguswe na mtu yeyote, kwa maslahi ya taifa. Bwana Kuku aliipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

"Wako wangapi humo?" Afisa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Thelathini na wanane, mheshimiwa."

Afisa alifumba macho akapiga hesabu. Akamwita dereva. "Kimbia nyumbani. Mwambie mama akupe wale mitetea wake wawili."

"Akiuliza ni wa nini, bosi?"

"Mwambie ni vifaa vya ofisi."

Baada ya nusu saa gari la serikali lilirudi, mitetea wamekaa kiti cha nyuma, mahali pa bosi. Afisa aliwapokea mwenyewe, mmoja kila kwapa, manyoya yakimganda kwenye suti. Bwana Kuku akamfungulia mlango wa banda, ambao ni mfupi, na mheshimiwa akaingia ameinama.