Simu Ilisema Arobaini na Nane

Setilaiti zimeniaibisha leo. Mchana kweupe, mbele ya mama mkwe.

Nina leseni tangu mwaka jana, lakini gari sijawahi kuachiwa. Neema namfunga mgongoni hadi kliniki, gari limelala uani. Leo Baba Neema kanipa funguo nikamchukue mama yake Mbeya. Sharti moja: nikikamatwa na trafiki, nisiliombe tena. (Hizo funguo nimezibembeleza kuliko nilivyobembelezwa kuolewa.)

Ni yeye huyohuyo aliyenifundisha kwamba mshale wa dashibodi huwa unazidisha, kasi ya kweli iko kwenye simu, maana setilaiti zinapima gari lenyewe linavyosogea. Wakati wa kwenda nikahakikisha. Mshale hamsini na tano, simu hamsini. Nikajiona injinia.

Kurudi sasa. Mama mkwe nyuma na Neema, simu nimeibandika mbele. Tunashuka kuelekea Tukuyu: ukungu, miti pande zote, kona juu ya kona. Kibao kinasema hamsini. Simu inasema arobaini na nane. Mshale unapanda, sitini, sabini. Mama mkwe akauliza kama kuna anayetukimbiza. Nikamwambia atulie, huo mshale ni muongo.

Mbele, mkono ukanyooshwa. Trafiki na tochi yake ya kupimia kasi: sitini na nne.

Jamani, si ningenyamaza tu! Mimi nikaanza kumsomesha habari za setilaiti. Nikaichomoa simu, nikamwekea usoni.

"Afande, tochi yako mbovu. Soma mwenyewe hapa."

Akasoma. Akainama, akayatazama matairi.

"Dada, kwa hiyo hata sasa hivi unakwenda arobaini na nane?"

Gari limezimwa. Mshale umelala kwenye sifuri. (Ule muongo.) Simu ilishapoteza setilaiti kule juu kwenye miti, ikaganda, na mimi nikaendelea kuiamini kama mchungaji.

Mama mkwe akatoa kichwa dirishani. Nikajua ananitetea. "Ndaga fijo, mwanangu," akamshukuru afande. "Huyu angetuua."

Faini haijaandikwa, tayari kampigia mwanawe. Kinyakyusa kitupu, jina langu katikati.

Nyumbani Ibighi nimemkuta Baba Neema mlangoni, kiganja wazi. Nikamkumbusha aliyenifundisha ni nani.

"Nilikwambia uamini simu," akasema. "Sikukwambia ufumbe macho."

Funguo ziko mfukoni mwake. Kesho kliniki, Neema mgongoni, kwa miguu. Mkituona njiani msicheke. Tutakuwa tunakwenda arobaini na nane.