Chomeka, Ondoka

Jumatatu, 3 Machi

Leo tena nimeitwa stoo kama mbwa. Seva ya kutunzia video imejaa, diski mpya zimefika, na wa kupiga magoti kati ya mataa ya studio na ngazi iliyovunjika ni mimi. Chomeka, futa, fomati, ipe jina, iunganishe na wenzake. Kisha inayofuata. Mgongo umekufa!

Juu, kwenye chumba chenye dirisha na kiyoyozi, Taratibu anahariri video za harusi huku anatafuna jojo. Tunamwita Taratibu kwa sababu hata mlango anaufungua kama vile utalia. Kila kitu chake kina lebo: kikombe, kiti, mkasi. Shemeji anamwona malaika. Shemeji ni kaka wa mke wangu, studio ni yake, na haipiti siku bila kunikumbusha yote mawili.

Nimemwomba chumba kile. Akasema kile ni cha watu wanaoleta kazi, mimi naleta malalamiko. Mbele ya dada wa mapokezi! Sawa. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Nitaandika programu. Ukichomeka diski, seva yenyewe inaifuta, inaifomati, inaipa jina, inaiunganisha, na papo hapo inaanza kuimiminia video zinazosubiri nafasi. Hakuna magoti. Hata Shemeji ataweza. Yeye ataona akili yangu, mimi nitaona dirisha.

Taratibu akaja kuchungulia. Akauliza je, mtu akichomeka diski yenye vitu ndani? Akashauri programu iulize kwanza: una uhakika? Kusema kweli swali hilo nilikuwa nimeshaliweka. Nikalitoa. Siwezi kuacha isemwe kwamba amenifundisha yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Imefaulu! Shemeji alichomeka diski mpya kwa mkono wake, taa ikamemeta, kioo kikaandika KARIBU, kazi kwisha. Alicheka kama mtoto. Akanipiga bega, akasema shem, leo umenikosha. Umenikosha! Miaka yote hii sijawahi kumkosha.

Nimeandika tangazo kwa herufi kubwa, nikalibandika juu ya seva: CHOMEKA. ONDOKA. Taratibu akalisoma, akaazima kalamu, akaongeza kwa chini: diski tupu tu. Alipotoka nikakikata kipande hicho. Kwa mkasi wake.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amesema suala la chumba tutaliongea Jumatatu. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Mke wangu naye ananihitaji. Kumbe siku zinageuka! Amenipa ile diski ya zamani yenye sauti ya marehemu baba yake. Miezi ya mwisho ya mzee, mke wangu alikuwa anakaa naye kitandani na kinasa sauti, mzee anasimulia: utoto wake, alivyomtongoza mama mkwe, nyimbo alizokuwa akiwabembelezea watoto wake wakiwa wachanga. Yote yamo humo na hayamo kwingine. Anataka nakala kwa ajili ya mama na dada zake. Anasema ameniomba kitambo. Sikumbuki. Wanawake wana kumbukumbu ya ajabu.

Ameifunga kwenye kitambaa chake cha kichwani, akaniwekea mkononi. Akasema anamkabidhi mume wake, hakabidhi ofisi. Nikamwambia alale usingizi. Mwenye seva ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa!

Asubuhi niliitoa ile diski kwenye kitambaa, nikaiweka mezani pale stoo ili nikirudi nianze nayo. Nikapanda juu na futi kupima chumba cha Taratibu, kujua meza yangu itakaa upande gani. Ubishi mdogo kuhusu kabati. Nilipoteremka nikamkuta Shemeji anatoka stoo, anapangusa mikono, uso umejaa fahari. Seva ililalamika imejaa, akasema, naye hakutaka kunisumbua. Akaona diski mezani, haina lebo. Akafuata tangazo. Akachomeka. Akaondoka.

Kioo: KARIBU.

Nilivyoichomoa, tayari harusi ya watu nisiowajua ilikuwa imeshamiminwa ndani. Programu niliiandika iwe na kasi. Ina kasi!

Shemeji akauliza kulikuwa na nini humo. Nikamwambia. Akakaa chini, sakafuni, na suruali yake ya kazi.

"Ile sauti ya baba?" akasema. "Ile ya baba?"

Hakufoka. Afadhali angefoka.

Taratibu alisimama mlangoni, ameacha kutafuna. Hakusema nilikwambia. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mtu anayejizuia namna ile anataka aonekane.

Jumapili, 9 Machi

Nilikuwa na mpango. Nimwambie mke wangu kwamba diski huzeeka kama watu, kwamba hii niliikuta imeshakufa, pole sana. Nilifanya mazoezi bafuni mpaka sauti ikanikaa vizuri. Nikamwambia kwenye chai. Alianza kuamini! Akaniambia mwenyewe kwamba kweli, ilikuwa ya zamani mno. Machozi yakamtoka, nikamshika bega, mambo yakawa yanakwenda.

Simu ikalia. Kaka yake. Analia, anaomba radhi, anamweleza kila kitu bila kuulizwa. Familia hii haina siri!

Akaweka simu. Akauliza niliiweka wapi.

Nikasema mezani.

"Mimi nilikuwekea mkononi," akasema, akainuka kuosha vikombe.

Jumatano, 12 Machi

Fundi wa kuokoa data ametupa jibu. Anasema ingekuwa imefutwa tu, angerudisha karibu yote. Kilichoua ni zile video zilizomiminwa juu. Akanitazama, akauliza nani alibuni wazo la kuijaza papo hapo. Nikasema teknolojia siku hizi.

Amepata kipande kimoja. Tumekisikiliza kwa mama mkwe, sote sebuleni. Kiti kinalia. Mtu anakohoa. Kisha baba mkwe anauliza, "Imewaka hiyo?" Na mke wangu, sauti yake ya wakati ule, anajibu, "Imewaka, baba. Sema tu."

Basi. Hakuna zaidi.

Mama mkwe akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. Kila mara mzee akiuliza imewaka hiyo, mama anaitikia kwa kichwa, ndiyo. Mke wangu alikuwa amelala kwenye paja la mama yake kama mtoto. Nilitaka kusema neno la faraja, nikasema angalau sauti imetoka safi.

Mama mkwe akaniambia kwa upole sana: baba, nenda ukapumzike. Kwa lugha ya mama mkwe maana yake ni toka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefukuzwa kazi. Shemeji alinipa mkono, hakunitazama. Seva amekabidhiwa Taratibu, na programu yangu wanaendelea kuitumia! Jasho langu! Nimechungulia stoo wakati naondoka. Amerudisha lile swali. Sasa ukichomeka diski, kioo kinauliza kama una uhakika, tena mara mbili. Wizi wa mchana. Swali lile nililiweka mimi kwanza.

Halafu niulize tu: nani aliyechomeka? Ni mimi?

Nyumbani ninapakuliwa chakula na sisemeshwi. Mke wangu anavaa vipokea sauti masikioni anapopika. Najua anasikiliza nini.

Jumatatu, 24 Machi

Kazi mpya! Daktari wa mifugo wa mtaa wa pili alikuwa anatafuta mtu wa kumtazamia kompyuta. Mtu mpole, haulizi maswali. Kazini kwa Shemeji wataisikia habari yangu.

Nimeshagundua tatizo. Hapa umeme unaliwa ovyo. Kwa hiyo nimeandika kitu kidogo, kizuri sana: kila kifaa ambacho hakijaguswa kwa muda kinajizima chenyewe. Kompyuta, printa, taa za mapokezi, vyote nimeviunganisha. Msaidizi wake, mdada mmoja mjuaji, akasema tuanze na kifaa kimoja tuone. Huyo nimeshamjua ni mtu wa aina gani. Nikaongeza na friji ya chanjo, maana toka nimefika hakuna aliyeifungua.

Daktari sijamwambia. Nataka afurahi mwenyewe akifika kesho.