Goti la Timazi na Madaktari wa Benchi

Nje ya duka la kinyozi kuna benchi refu la mbao lililotengenezwa kwa ajili ya wateja. Wateja husimama. Wanaokaa ni sisi.

Asubuhi hiyo Redio alifika akiwa amebana midomo, tukajua ana habari inamwasha. Redio hauzi habari, huzigawa bure, ndiyo maana hazina dhamana.

"Jamani, mmesikia ya Timazi?"

"Amekatwa mguu?" akauliza Dozi, kwa sauti ya mtu ambaye pole yake imeshakuwa tayari.

"Afadhali angekatwa, tungeelewa. Mtu ametoka hospitali sasa hivi na lile goti lake. Mnajua kapewa dawa gani?"

Kinyozi akazima mashine. Mteja aliyekuwa kitini, nusu nywele nusu upara, naye akageuza shingo.

"Taulo," akasema Redio.

"Taulo la kuogea?"

"Lile lile! Limekunjwa, likawekwa chini ya goti, akaambiwa alibonyeze. Hakuna sindano, hakuna kidonge. Bonyeza taulo, nenda nyumbani."

"Toba!" akasema Dozi, akapiga paja.

Timazi ni fundi mwashi, na jina hilo tulimpa kwa sababu ya kuta zake: weka timazi popote, ule uzi wa kupimia wima hauachi ukuta. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika mfupa karibu na goti. Plasta ilipotolewa, goti likagoma kukunjika. Sasa mguu wake ulikuwa umenyooka kuliko ukuta wowote aliowahi kujenga.

Na Dozi? Dozi alikuwa mlinzi wa duka la dawa kwa miaka mingi. Alilinda mlango kwa nje, hakuwahi kuingia, lakini anaamini elimu hupenya ukuta.

Kabla hatujamaliza kushangaa, Timazi mwenyewe akatokea kwenye kona, magongo mawili, jasho moja. Tukamsogezea nafasi, mguu wake ukachukua nafasi ya watu wawili.

"Pole, ndugu yangu," akasema Dozi. "Tueleze walivyokutesa. Usiache kitu."

"Kwanza kanihoji."

"Nani?"

"Yule dada wa viungo, anayefanyisha wagonjwa mazoezi pale hospitali. Umri wake ni wa mdogo wangu wa mwisho. Eti nyumbani kuna ngazi? Choo ni cha kuchuchumaa au cha kukaa?"

"Choo chako kinamhusu nini?"

"Ndivyo nilivyomuuliza. Akasema goti haliishi hospitali, linaishi kwangu, kwa hiyo lazima ajue linakoishi. Halafu akaniuliza, unataka kufanya nini ambacho sasa huwezi? Nikamwambia kupanda jukwaa."

"Hee! Mganga anamuuliza mgonjwa anataka nini!" Dozi akatutazama mmoja mmoja kama anatafuta mashahidi. "Si yeye ndiye anayetakiwa kujua?"

"Kisha akanipima goti linakunjika kiasi gani, kwa kidude kama rula mbili zilizoungwa pamoja."

"Fundi kapimwa na fundi," akasema Kinyozi.

"Ndipo mazoezi yakaanza. Bonyeza taulo, shikilia, legeza. Vuta kisigino kuelekea makalio, polepole, rudisha. Jamani! Nimebeba mifuko ya saruji maisha yangu yote, sijawahi kutoka jasho vile. Na nilikuwa nimelala kitandani!"

"Na maumivu?"

"Alisema yatakuwepo, ya kuvutika kidogo. Yakipita kiasi, au goti likivimba, nisijifanye shujaa, nimwambie. Nikifika nyumbani niweke barafu, halafu mazoezi niyarudie mwenyewe kila siku."

"Ahaa!" Dozi akainua kidole. "Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri! Kazi ni yake, halafu anakupa uifanye wewe! Siku nikija kunyolewa, Kinyozi akanikabidhi mkasi, nitajua dunia imefika mwisho."

Benchi likacheka. Hata mteja alicheka, akakoma upesi maana mashine ilikuwa imewashwa tena na imefika sikioni.

Timazi peke yake hakucheka. "Tatizo ni muda," akasema. "Nimemuuliza nitapona lini, akasema ni wiki nyingi, pengine miezi, inategemea goti na inategemea mimi. Hakuniahidi kitu. Na msimamizi wa pale kazini ameshasema, ghorofa ya pili ikianza, ataweka fundi mwingine. Naukuta ule ukuta kila asubuhi umepanda. Unapanda bila mimi, jamani."

Dozi akakohoa, akakunja mikono ya shati.

"Yeye hakuahidi. Mimi nakuahidi. Leo."

"Leo?"

"Goti lililokaza ni bawaba iliyoshika kutu. Bawaba haibembelezwi, wala haipewi taulo. Ni mafuta na nguvu. Kinyozi, lete yale mafuta ya nywele."

"Haya ni ya kulainisha nywele," akasema Kinyozi.

"Kinacholainisha nywele kitashindwa kulainisha goti?"

Kwa mantiki kama hiyo, nani angebisha? Kinyozi akamshika Timazi mabega. Redio akashika benchi. Dozi akapaka mafuta, akakamata kisigino, akavuta pumzi, akakunja goti kwa nguvu zote za mtu aliyelinda mlango miaka mingi bila mwizi kutokea.

Ukelele uliotoka pale ulisimamisha barabara. Mteja aliruka kitini akakimbia na nusu ya kichwa chake, na mpaka leo hatujui nusu ile nyingine aliimalizia wapi.

Kesho yake mke wa Timazi akaja. Ni mshonaji wa mapazia, mwanamke mpole ambaye kwa kawaida hutupita na salamu ya mbali. Siku hiyo akasimama mbele yetu, tepu ya kupimia bado shingoni.

"Hamjambo, madaktari."

Kinyozi akaanza kufuta mashine iliyokuwa safi.

"Nauliza tu. Jana nani alikuwa zamu?"

Redio, ambaye hajawahi kuficha habari tangu azaliwe, akatazama mawingu.

"Shemeji," akaanza Dozi, "sisi nia yetu ilikuwa kusaidia..."

"Najua, shemeji. Goti limevimba mpaka imebidi nifumue mshono wa suruali kuivua. Usiku hakulala. Mwanzoni nilidhani analia kwa maumivu, nikamletea barafu. Akaniambia, siyo hayo. Anasema mmevunja kitu na jukwaani hatapanda tena." Akaishika ile tepu kwa mikono miwili. "Mume wangu hajui kazi nyingine. Hata kukaa hajui. Nampeleka hospitali sasa, na nawaombeni kitu kimoja. Akipita hapa, msalimieni tu. Msimtibu."

Akaondoka. Tulikaa pale tukiwa wadogo, benchi likaonekana refu.

Habari za huko alituletea Redio, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. Yule dada wa viungo hakugomba. Alilitazama goti, akalishika hapa na pale, akampeleka kupigwa picha. Mfupa ulikuwa salama, lakini mazoezi yakabidi yarudi nyuma, kwanza uvimbe upungue. Alipomuuliza Timazi kilichotokea, Timazi akajibu kwamba ameumizwa na benchi.

"Hakudanganya," akasema Kinyozi.

Baada ya hapo hatukumwona kwa muda mrefu. Redio alikwenda kumchungulia nyumbani akamkuta sakafuni, mfuko wa nailoni chini ya kisigino ili kiteleze, akivuta mguu na kurudisha huku mkewe akishona. Kila pazia likiisha, mke hugonga meza na mume huanza upya. Siku nyingine akaja na habari kwamba Timazi amepandishwa baiskeli isiyo na magurudumu, anakanyaga tu, haendi popote.

"Kama mkutano," akasema Kinyozi.

Siku zile Dozi alikuwa amepungua maneno, na kila alipokaa alijishusha kwa hatua kama mtu anayeteremsha kabati.

Kisha alasiri moja tukamwona Timazi anakuja, hana magongo, ameshika fimbo nyepesi tu. Akapanda ngazi ya barazani kwa Kinyozi, akageuka, akateremka tena kwa makusudi ili tuone.

"Angalieni. Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mguu mbovu unatangulia. Dada alinifundisha hivi: mzuri hupanda, mbaya hushuka."

"Huyo dada hajawahi kuajiriwa kwingine," akasema Kinyozi. "Kwingine mbaya ndiye anayepanda."

Tukacheka, naye akacheka, na lile benchi likapumua.

"Lakini kuna jambo sikuwaambia," akasema akiwa amekaa, goti limekunjika kama goti. "Mguu ulipopata nguvu, akanipeleka kwenye ngazi za hospitali. Hatua ya kwanza nikapanda. Ya pili nikaganda. Jasho, moyo unadunda. Nikamwambia goti linauma. Akaniangalia, akasema, goti lako halijambo, kinachochechemea sasa ni kichwa. Nikaona haya, mtu mzima mimi. Akasema hakuna haya, aliyeanguka lazima aogope, na woga nao una mazoezi yake. Leo ngazi hii, kesho ile. Mkono wake nyuma ya mgongo wangu, hanishiki, upo tu. Mpaka siku moja nikageuka, nikaona amebaki chini kabisa."

"Na kazini?" nikauliza.

"Ghorofa ya pili amepewa fundi mwingine. Mimi nimepewa kuta za chini, jukwaa fupi. Nimeanza juzi. Yeye mwenyewe dada ameniambia lile refu lisubiri, na mazoezi nisiache." Akatabasamu. "Ukuta wangu umenyooka, lakini."

Dozi hapo akaona nafasi. "Kwa kweli tuseme ukweli, ndugu zangu. Mimi ndiye niliyefungua ile kutu. Dada alimalizia."

"Dozi," akasema Timazi, "wewe ulichofungua ni mdomo wangu."

Jua likapungua, tukaanza kutawanyika. Redio alikimbia kwenda kuitangaza habari ya uponaji. Timazi akashika fimbo yake. Nilikuwa nafunga kamba za viatu, ndipo nikamsikia Dozi akimvuta pembeni.

"Hivi yule dada wa viungo anapatikana siku gani? Nina jirani yangu anasumbuliwa na kiuno."

"Jirani yako yupi?"

"Humfahamu."

"Hicho kiuno kimemshika tangu lini?"

"Tangu siku ile nilipokukunja goti."