Chombo Kisichopinda Kulia

Jumamosi, 2 Agosti

Mashine imefika. Imeletwa kwa mkokoteni kutoka ile hoteli iliyofungwa hapa Thika. Nimempa mwenye hoteli friji yangu na kochi, tukapeana mkono, kila mmoja akiamini amemlaghai mwenzake. Mimi ndiye mwenye haki ya kuamini. Ile friji inavuja.

Ni gemu ya zamani ya vyombo vya angani. Unasimama mbele ya kabati refu, mkono mmoja kwa mpini, mwingine kwa kitufe, unapiga risasi viumbe wanaoshuka kutoka juu. Nilipokuwa kijana hakuna mtu Thika hii aliyeniweza. Watu waliacha soda zao kuja kuniangalia. Akoth alikuwa mmoja wao. Alinipenda nikiwa nimempa mgongo.

Mlangoni ilikataa kuingia. Tukatoa mlango. Bado. Tukatoa fremu. Mama Kui, mwenye ploti hii tunayopanga, alisimama mikono kiunoni akauliza hiyo ni kabati ya nini. Nikamwambia ya nguo. Akauliza mbona kabati ya nguo imechorwa roketi. Nikamwambia ni ya mtoto.

Si uongo kabisa. Binti yangu Mitchell amefunga shule. Anaishi Gitothua, huko Ruiru, na mama yake Akoth na yule Muasya aliyemwoa baada yangu. Likizo iliyopita alikuja kwangu hapa Kiganjo, akakaa siku mbili, akaomba kurudi. Alisema hapa hakuna kitu cha kufanya. Nilikuwa nimemwona akiangalia ukuta. Sasa ule ukuta hauonekani tena. Kuna mashine mbele yake.

Mgongo unaniuma vibaya. Kiwandani niliomba ruhusa nikisema mgongo unaniuma. Angalau sasa mimi si mwongo.

Jumatatu, 4 Agosti

Inawaka! Picha ni safi, viumbe wote wapo. Shida ni moja: chombo changu kinaenda kushoto tu. Ukisukuma mpini kulia, hakuna kitu. Halafu sauti haipungui. Ciku wa mlango wa pili alikuja na mtoto mgongoni kuniuliza, kwa upole ambao sikuupenda, kama hiyo milio ni ya kawaida ama nahitaji kusaidiwa.

Nimecheza tangu asubuhi. Nilikuwa nimesahau vile gemu hii inakushika. Wanakuja kwa safu, wamenyooka kama wanafunzi kwenye gwaride. Wanaenda upande, wanashuka kidogo, wanarudi. Mwanzoni ni polepole. Ukiwapunguza, waliobaki wanaongeza mwendo, na ule mlio wa chini unaenda mbio pamoja na moyo wako. Ukiwamaliza wote, wanakuja wengine. Hakuna kushinda. Unachelewesha tu. Wewe uko peke yako chini, na ukuta mdogo wa kujificha ambao unaliwa polepole, sehemu nyingine ukiiharibu wewe mwenyewe kwa risasi zako. Lakini hakuna anayekudanganya kwamba mambo yatakuwa mazuri. Sijapata kitu kingine cha haki namna hiyo. Hata kanisani.

Alasiri nimegundua siri. Ukigonga kabati kwa goti, pale chini upande wa kushoto, chombo kinaruka kwenda kulia. Goti limevimba. Nimefika mbali.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda Gitothua kumwalika Mitchell. Aliyenifungulia geti ni Muasya. Yeye ni fundi wa friji. Ana tabia ya kunisalimia kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Alinikaribisha akanipa kiti chenye mto. Nikauondoa mto.

Nilimweleza Mitchell habari za mashine. Akauliza kama kwangu kuna Wi-Fi. Akoth akasema kutoka jikoni kwamba huyo ni mtoto wa miaka kumi na mitatu, atakuja akitaka, asisukumwe. Muasya akasema gemu kama hiyo aliwahi kuicheza Machakos na alikuwa mbaya sana. Kisha akacheka. Watu wanaojicheka wenyewe siwaelewi. Nikataja, kwa kupitia tu, kwamba mpini una kasoro. Akasema ana mpini kama huo kwenye vyuma vyake vya zamani, angekuja kunifungia. Nilikataa kabla hajamaliza.

Uso wa Mitchell ulikuwa unarudi kwa simu. Hapo ndipo mdomo wangu ukasema kwamba Jumamosi kuna mashindano. Mashindano ya Kiganjo nzima, na baba yake ndiye bingwa. Nikaongeza kwamba ukiwa hodari, ukivuka safu nyingi, kinatokea chombo kikubwa chekundu ambacho watu wengi hufa bila kukiona. Mimi nimekiona.

Akainua kichwa. Akauliza kikoje. Nikamwambia hakielezeki, lazima uje.

Atakuja Ijumaa. Ile ya chombo chekundu ni kweli. Ile ya mashindano, bado.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku nzima natafuta washindani. Githae kinyozi amekubali kwa sababu Jumamosi asubuhi hana wateja. Okello, tunayefanya naye kazi kiwandani, amekubali kwa masharti kwamba nisimwambie msimamizi nimemwona, naye hatasema ameniona. Mama Kui amesema hapo kwa ploti yake hakuna mashindano, labda kama na yeye atacheza. Ciku ameandikwa bila kuulizwa.

Mpango wangu ni mzuri mpaka unanitisha. Mpini sirekebishi. Kila mtu atakimbilia kona ya kushoto na kufia huko. Mimi peke yangu nina goti. Nimetundika taulo pale pa kugonga, ionekane ni pambo.

Si kwamba nataka kuwaonea watu. Nataka tu mtoto wangu anione mara moja nikiwa mbele ya wengine. Nyuma amenizoea.

Ijumaa, 8 Agosti

Mitchell amefika. Ameletwa na Muasya, na unga, na sukuma wiki, na mpini umefungwa kwa gazeti. Nikamwambia mpini wangu hauna shida. Aliangalia taulo, akaangalia goti langu, akasema, "Sawa, mzee. Ukiuhitaji, uko." Akaondoka nao. Hata kukasirika hajui.

Mitchell alicheza akafa. Akacheza tena akafa. Nilidhani ataenda kwa simu. Lakini aliuliza kwa nini chombo hakipindi kulia, nikasema ni uzee, akapendekeza tucheze wawili. Yeye kitufe, mimi mpini. Nilipogonga kwa goti nilikohoa, asisikie. Alisikia. Alicheka mpaka akashindwa kubonyeza, tukafa wote.

Tulirudia. Alikuwa akiniambia, "Baba, ngoja, ngoja, sasa!" na mimi nilikuwa nangoja. Tulikula ugali tumesimama, kila mtu kwa mkono mmoja. Wakati mmoja alilaza kichwa begani mwangu bila kuacha kubonyeza. Tulivuka safu ambazo sijavuka tangu ujana. Tukafa. Akasema, "Tena."

Nilimwambia inatosha, kesho nina mashindano na bado sijafanya mazoezi yangu mwenyewe. Siku yote ilikuwa imepotea. Alikaa kwenye godoro akaniangalia kwa muda. Baadaye nilipogeuka alikuwa ameingia chumbani kulala.

Jumamosi, 9 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Mwanzo ulikuwa kama nilivyopanga. Githae alifia kona ya kushoto. Okello alifia kona ya kushoto na kuilaumu serikali. Ciku alicheza na mtoto mgongoni, akafa, mtoto akalia. Mama Kui alikufa haraka kuliko wote, akasema atapandisha kodi. Muasya alikuwa amekuja kutazama. Wakamsukuma, akacheza, akafa akicheka, watu wakacheka naye. Halafu nikasimama mimi. Nilicheza vizuri. Niligonga goti mpaka nikaona nyota zisizo za gemu. Wakapiga makofi. Niligeuka kumtafuta Mitchell. Na yeye alikuwa anapiga makofi.

Hapo ningesema asanteni, nendeni nyumbani.

Lakini Mitchell akauliza kama anaweza kujaribu. Akashika mpini kwa mkono mmoja, kitufe kwa mwingine, na goti lake jembamba akaligonga pale pale penye taulo. Chombo kikaruka kulia. Watu wakasema ala! Githae akaniangalia. Okello akaniangalia. Mitchell hakuangalia mtu. Alivuka safu ya kwanza, ya pili, akaendelea. Alikuwa ananong'ona peke yake, "Ngoja, ngoja, sasa." Pointi zake zikakaribia zangu. Watu wote walikuwa wameinama mbele. Hakuna aliyekumbuka kwamba mimi niliwahi kucheza.

Mguu wangu ulikuwa karibu na waya. Mguu ni wangu, lakini sikumbuki kuutuma.

Kioo kikawa cheusi. Nikasema stima imepotea, ndio hali yetu hii. Kwa Ciku redio ilikuwa inaimba.

Mitchell aliangalia chini kwa waya, akafuata ule waya kwa macho mpaka kwa kiatu changu. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, si stima. Ni wewe."

Watu walitoka mmoja mmoja. Kwa sababu hakuna mlango, hata hawakuweza kuufunga. Muasya alirudisha waya ukutani, mashine haikuwaka. Akanusa-nusa nyuma yake akasema kuna kitu kimeungua, lakini kitatengenezeka. Nikamwambia asiguse.

Jumapili, 10 Agosti

Mitchell amerudi Gitothua. Ilikuwa akae wiki nzima. Alikunja nguo zake taratibu, akaosha kikombe alichonywea chai, akakiweka kikiangalia chini. Muasya alingoja nje na pikipiki, mbali kidogo, ili tuagane.

Nilikuwa na maneno. Niliyapanga usiku kucha nyuma ya mashine. Alinitangulia. Akasema, "Mimi sikuwa nataka kukushinda. Nilikuwa nataka tu kuona kile chombo chekundu."

Hapo ndipo maneno yangu yalipaswa kutoka. Badala yake nilimwambia kwamba kwa sheria za mashindano, gemu ikikatika matokeo ya mwisho yaliyokamilika ndiyo yanahesabika, kwa hivyo bingwa bado ni mimi.

Akasema hongera. Hakusema kwa ubaya. Akapanda pikipiki na kumshika Muasya jaketi.

Nyumba imenyamaza. Ciku amesema mtoto wake sasa analala vizuri.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefikiria sana siku hizi, na sasa naelewa kila kitu. Kosa lilikuwa la mashine. Gemu ya zamani, ya kusimama, ya viumbe wadogo wadogo. Mtoto wa leo huwezi kumshika na hiyo.

Okello aliniambia huko Mugutha kuna duka kubwa lililofungwa, lilikuwa na kona ya michezo ya watoto. Nikaenda asubuhi. Kuna mashine ya pikipiki. Pikipiki yenyewe, ya kukalia, inalala ukikata kona, na barabara mbele yako kwa kioo! Mwenye duka alikubali tubadilishane na ile ya vyombo vya angani hivyo hivyo ilivyoungua, nikiongeza kitanda. Kitanda chenyewe nakilalia peke yangu. Saa sita mkokoteni ulikuwa umeshashusha pikipiki kwangu na kuondoka na vyote viwili, mashine na kitanda.

Saa nane Mitchell akanipigia. Ni yeye aliyepiga. Alisema amemuuliza Muasya, na Muasya amesema kilichoungua ni kitu kidogo, na kwamba yeye mwenyewe, Mitchell, ameshaonyeshwa naye vile mpini unafungwa. Akauliza kama anaweza kuja Jumamosi. Tuitengeneze sisi wawili, halafu acheze kitufe na mimi mpini, kama ile Ijumaa, mpaka tufike kwa kile chekundu.

Nikamwambia asahau ile mashine, imeenda. Nikamwambia asije Jumamosi, aje Desemba, kuna kitu kikubwa zaidi kinamngoja.

Akasema sawa, akakata simu. Nadhani ni furaha.

Nina miezi ya kufanya mazoezi. Mashine ina kiti kimoja tu, lakini nyuma kuna nafasi nzuri ya kusimama. Nimemwekea Mitchell stuli ndogo hapo, apande juu aone vizuri baba yake akiendesha.