Kihenge kwa Nusu Bei

Usijifanye hujui. Wewe unayesoma hapa ulipita barabara ile ya Malangali, hapa Sumbawanga, ukaiona foleni ya akina mama nje ya duka la Fabiani, kila mmoja na karatasi ya kijani mkononi. Moyoni ulisema, "Hii inanuka." Kisha ukatoa simu mfukoni ukaanza kuitazama kama vile imekuita, ukaenda zako. Mwaka ule wa mradi wa sungura, tulipouziwa wa kufuga na mnunuzi akayeyuka, nawe ulipita hivyo hivyo. Miaka ya lumbesa, gunia la mkulima likijazwa kupita kipimo kwa bei ileile, likivishwa kilemba mpaka linafanana na bibi harusi, ulikuwa pembeni unafuta miwani. Sisi wengine hatusahau. Na kwa kuwa hukutaka kutazama, leo utasimuliwa mpaka mwisho.

Mwenye foleni aliitwa Ambakisye. Alitoka Mbeya, na Mbeya haina kosa lolote katika jambo hili; walimlea vizuri, akaharibikia njiani. Alikuwa na viatu vilivyochongoka mbele na sauti ya mtu anayekuomba radhi kwa kukupa zawadi. Aliingia Sumbawanga na shehena ya mabeseni ya plastiki, mabeseni yakakataa kununuliwa. Siku moja akaingia dukani kwa Fabiani kutafuta maji ya kunywa, na hapo ndipo akaliona bango.

Lilikuwa boksi la sabuni lililopasuliwa. PUNGUZO KUBWA! Chini yake bei ya sukari, elfu nne, imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni imeandikwa elfu tatu na mia tano. Mbele yake mama mmoja mnene, kitenge cha bluu, alikuwa akipokea kilo zake mbili, uso unang'aa kama aliyeshinda kesi ya shamba.

"Shikamoo, mama," Ambakisye akamsalimu. "Kumbe jana sukari ilikuwa elfu nne?"

"Marahaba. Jana sikununua. Juzi nilinunua elfu tatu na mia tatu."

"Sasa mbona unafurahi?"

"Si nimepunguziwa mia tano, mwanangu?"

Ambakisye akaishusha chupa ya maji kwenye kaunta taratibu, kama muumini aliyesikia kengele ya misa. Mji huu uko tayari kununua namba iliyokatwa! Fabiani alikuwa akiiuza pamoja na sukari, kwa ushamba wake. Kilichokosekana ni msomi wa kuiuza bila sukari.

Kesho yake alirudi na shati jeupe na kitambulisho kinachoning'inia shingoni.

"Mzee wangu Fabiani, hongera. Makao makuu yamekuchagua."

"Makao makuu ya wapi?"

"Ya juu," akasema Ambakisye, na akatazama dari kwa heshima, hata Fabiani naye akatazama.

Akamweleza. Kampuni inaitwa Kaya Nafuu. Mama wa nyumbani ananunua kuponi mapema kwa Afisa Nafuu, ambaye ndiye yeye. Akija na kuponi dukani, anachukua sukari, mafuta ya kula na sabuni kwa nusu bei, ile aliyokwisha kuilipa kwenye kuponi. Bei kamili makao makuu wanamrudishia mwenye duka, na ya kumshukuru juu yake.

"Ya kunishukuru?" Fabiani akauliza. Kati ya maneno yote aliyoambiwa, ni hilo tu lililomwingia.

"Kwa uzalendo wako. Ila wakala anaweka dhamana kidogo. Nilitaka kumpa yule mwenzako wa duka la jirani, lakini nikasema moyoni, yule hana sura ya uwakala."

Fabiani, mtu ambaye hajawahi kumkopesha binadamu hata kiberiti, akafungua droo.

Kuponi zilichapwa kwa karatasi ya kijani katika kibanda kimoja karibu na stendi. Juu picha ya familia inayocheka mbele ya dumu la mafuta, chini maandishi madogo: vigezo na masharti kuzingatiwa. Masharti yenyewe hayakuandikwa popote, na hakuna aliyeuliza. Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Makarani walitoroka ofisini kuwahi foleni. Mwalimu mmoja alibeba sabuni za kutosha kufulia kanisa. Fabiani alipokea karatasi na kutoa bidhaa huku akitabasamu, maana kila kilo aliyoitoa aliiona ikirudi na shukrani zake.

Sasa shika hapa, maana ndipo roho ya jambo ilipo. Yule mama wa kitenge cha bluu aliitwa Bertilla, mwenyekiti wa kikundi cha Tujikwamue. Akina mama wale huweka akiba mwaka mzima kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti ili shetani apate tabu. Linafunguliwa Desemba. Humo ndimo zinamotoka sukari na unga wa ngano wa Noeli, na sare za watoto za Januari. Bertilla alisimama mwenyewe kwenye kikao, akainua kuponi ya kijani juu.

"Jamani, mbona tunajichelewesha? Tukinunua sasa za mwaka mzima, fedha yetu inazaa mara mbili!"

Walimwamini kwa sababu hajawahi kuwadanganya. Kufuli tatu zikafunguliwa. Ambakisye akapokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema Mungu awabariki, na huenda alimaanisha.

Wiki iliyofuata Bertilla alikwenda na kuponi ya kwanza. Fabiani alikuwa nyuma ya nondo za kaunta, macho mekundu.

"Kuponi zimesimama, mama. Nasubiri makao makuu."

"Yako wapi?"

Fabiani akatazama dari. Hakukuwa na kitu pale isipokuwa utando wa buibui.

Bertilla hakupiga kelele. Mara ya mwisho walipopiga kelele, mwaka ule wa sungura, waliambiwa walete ushahidi, na ushahidi ulikuwa umeshapanda basi. Akajifunga kitenge vizuri, akashuka stendi. Akamkuta Ambakisye kwa mama ntilie, begi limekaa mapajani kama mtoto mgonjwa, anamhoji dereva wa lori: ulezi Mbeya unakwendaje siku hizi? Fedha zilikuwa zinamwasha. Mtu mwenye fedha kwenye begi ni mshukiwa. Mtu mwenye lori la ulezi ni mfanyabiashara.

Alipomwona Bertilla, kikombe kilisimama hewani.

"Mwanangu, nimekutafuta mji mzima," Bertilla akasema, akavuta kiti. "Umetusaidia sana na zile kuponi. Nikasema na mimi nikulipe wema."

Kikombe kikashuka.

"Kaka yangu Isdori ana kihenge cha ulezi, ghala zima limejaa, huko kijijini, njia ya Namanyere. Anataka fedha leo leo. Kakata bei, anauza kwa nusu. Ila kuna mtu wa Namanyere anakuja mchana na gari, kwa hiyo kama huwezi, basi, niambie tu nisikupotezee muda."

Neno nusu liliingia sikioni mwa Ambakisye likatafuta mahali pa kukaa. Yeye aliyeliuza neno hilo kwa mji mzima hakuwahi kufikiri kwamba na yeye ana sikio.

"Bodaboda iko wapi?" akauliza.

Kihenge cha Isdori kilikuwa kikubwa kuliko chumba alichopanga Ambakisye. Ubavuni kimeandikwa bei kwa mkaa, imekatwa kwa mstari mnene, na chini yake bei nyingine, nusu ya ile. Mkaa ulikuwa bado unatoa vumbi. Bertilla na kaka yake wakasema maneno mawili matatu ya Kifipa. Ambakisye akatabasamu kama mtu aliyeelewa. Akapanda ngazi, akafunua paa, akatia mkono. Ulezi mpaka begani, masuke makavu yamejaa hadi ukingoni.

"Humu kuna magunia arobaini," akatamka akiwa juu.

"Mimi sijui, bwana mdogo," Isdori akasema. "Sijapima. Mimi nauza kihenge."

Tumpongeze Isdori. Katika hadithi hii nzima ndiye muuzaji pekee aliyesema kweli.

Fedha ya sanduku la akina mama, dhamana ya Fabiani na za kuponi za mwanzo, vyote vikatoka begini mbele ya majirani watatu mashahidi. Ambakisye akashikwa mkono, akapongezwa, akaitwa tajiri. Akajipangusa.

"Sawa. Kesho naleta lori."

"La kubeba nini?" Isdori akauliza.

"Ulezi wangu."

"Huo ni masuke, tajiri. Nani Mbeya ananunua masuke? Mpaka upurwe, upepetwe."

"Basi niitie vibarua."

Majirani wakatazamana. Mama mmoja akajifunika mdomo kwa kanga.

"Kibarua?" Isdori akasema polepole. "Hapa ulezi wa mtu haupurwi kwa fedha. Ukimpa jirani fedha apure, umemtukana. Unapika pombe, unatangaza siku, watu wanakuja wanapura, wanakunywa."

"Pombe ya nini?"

"Ya ulezi."

"Ulezi upi?"

Wote walikitazama kihenge kwa upole.

"Inachukua muda gani?" Ambakisye akauliza, sauti imeanza kupungua bei.

"Kimea kiote, kikauke, kisagwe, kipikwe, kichachuke. Wiki na zaidi. Lakini kuna jambo jingine. Wewe ulishapura kwa nani hapa?"

"Mimi? Si ndiyo nimefika leo!"

"Basi watakujaje kwako? Anza wewe kwao."

Ndivyo Afisa Nafuu alivyoingia kazini. Hakuwa na nauli hata ya kumfikisha mjini. Kila kitu kilikuwa ndani ya kihenge. Akavua viatu vilivyochongoka, akapewa fimbo, akapura kwa jirani wa kwanza, wa pili, na bibi mmoja aliyemkosoa kutwa nzima.

"Unaupiga au unaubembeleza? Huo si mchumba, mjukuu wangu, piga!"

Vumbi la ulezi likamwingia kwenye kola, kwapani, na mahali ambapo heshima hainiruhusu kutaja. Alijikuna mpaka mbwa wakamwonea huruma.

Siku ya kwake ilipofika, kijiji kizima kilikuja. Walikuja waliopura na wasiopura, na waliosikia tu kwamba kuna tajiri wa Mbeya mwenye mkono wazi. Walipura kwa nyimbo, lazima tuseme haki, walipura vizuri. Na walikunywa kwa bidii ileile. Chungu kilipoisha kilifuatwa kingine, na kila chungu kilikuwa kimetoka kwenye kihenge hicho hicho. Masuke yalipogeuka punje na makapi kupeperushwa na upepo wa Ufipa, magunia arobaini yalisimama uwanjani yakiwa saba. La saba lilikuwa limeegemea mti.

Hapo ndipo bodaboda iliposimama na Fabiani akashuka. Ni Bertilla aliyemwelekeza, kwa wema.

"Wewe! Makao makuu yako wapi?"

Ambakisye alikuwa amekaa juu ya gunia, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka kucha. Akanyoosha mkono akauzungusha uwanja wote: vyungu, makapi, wazee wanaoimba.

"Ndiyo haya, mzee wangu. Karibu."

Fabiani akamkunja shati. Majirani wakawatenganisha, wakampa Fabiani kibuyu anywe atulie. Alipokunywa, Ambakisye akamsogelea sikioni. Ujanja ulikuwa bado unapumua.

"Chukua ulezi, mzee wangu. Kwako wewe, nusu bei."

"Nusu ya bei gani?" Fabiani akafoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya biashara akauliza swali la maana. Akayachukua magunia yote saba bila kulipa. Yalifidia nusu ya sukari aliyoigawa. Nusu nyingine anaidai mbinguni. Ambakisye akaondoka kwa miguu kuelekea Namanyere, begi tupu begani, akijikuna.

Na fedha? Isdori alibaki na ile ya dhamana na ya kuponi za mwanzo, bei halali ya ulezi wake. Ya akina mama ilirudi sandukuni, kama ndugu wale walivyokubaliana kwa Kifipa, na Bertilla akasimama tena kwenye kikao, safari hii bila kuinua kitu.

"Niliwapoteza," akasema. "Nifukuzeni uenyekiti."

"Kaa chini," wakamwambia. "Tukikufukuza wewe, nani atamtapeli tapeli anayekuja?"

Kisha wakafanya jambo ambalo halina bango wala wino mwekundu. Walikwenda kumi na tano kwa pamoja kwa muuzaji wa jumla, wakanunua sukari kwa mfuko mzima na mafuta kwa madumu, wakagawana uani kwa Bertilla kwa mizani, kila mmoja akitazama mshale. Bei ikawa rahisi kuliko punguzo lolote lililowahi kuandikwa Malangali.

Nawe hilo ulikuwa unalijua. Ulilijua tangu zamani, ila unamwonea haya jirani, unaogopa ataona kwamba na kwako sukari inaisha kabla ya mwezi. Kwake nako inaisha. Ambakisye ameonekana Kipili, huko ziwani, shati jeupe, anauliza bei ya dagaa, na kutoka Kipili mpaka mtaani kwako hakuna bahari. Basi acha kusoma. Inuka. Jirani yuko nyumbani, unamsikia anavyogonga sufuria. Nenda ukabishe hodi sasa hivi, umwambie mnunue mfuko mmoja ninyi wawili, halafu mumfuate jirani wa tatu. Usinitazame mimi. Mlango ni ule pale.