Dk. Trezise, Mafuta ya Ukingoni, na Ushindi Nilionyimwa

Maabara ya Utando wa Seli
Ghorofa ya tatu, Adelaide

Kwa Profesa Oakden, Mkurugenzi wetu,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA KWA DK. NEVILLE TREZISE KATIKA CHUMBA CHANGU, JENGO HILI NA, IKIWEZEKANA, AUSTRALIA KUSINI NZIMA

Natumaini goti lako linaendelea vyema. Naandika kwa heshima zote na kwa akili timamu, ingawa Huong, mtafiti mwenzangu, alinishauri nisubiri mpaka nipate chakula cha mchana. Nimekula. Hasira iko palepale.

Kwa kuwa wewe ni mtaalamu wa mifupa, niruhusu nieleze chanzo cha ugomvi. Kwenye utando unaoizunguka kila seli, yako na yangu, kuna mafuta fulani, machache mno, ambayo kazi yake ni kupitisha habari. Homoni ikibisha hodi nje, mafuta hayo hukatwa vipande viwili, na vipande hivyo ndivyo vinavyopeleka ujumbe ndani. Yakishakatwa, basi. Seli inalazimika kutengeneza mengine, na kiwanda chake kiko ndani, mbali na ukingo. Mimi nasema ipo protini mbebaji inayoyatoa mafuta kiwandani na kuyafikisha ukingoni, kisha kurudi na mabaki ili yatengenezwe upya. Dk. Trezise, tangu siku niliyoajiriwa, anasema mbebaji huyo ni pambo tu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Dk. Trezise ni mzee mpole. Mkorofi ningemzoea. Yeye akitaka kukuambia kuwa kazi yako ya mwaka mzima haina maana, kwanza anakuletea chai. "Kunywa kwanza, binti yangu," anasema, "halafu nikuonyeshe ulipoteleza." Nimefika mahali nikisikia birika linachemka, naanza kukagua daftari langu upya.

2. Hula pasti yake, mkate uliojazwa nyama na viazi, ofisini kwangu, kwa sababu, anasema, kwangu kuna mwanga mzuri. Herufi "E" ya kompyuta yangu sasa haibonyezeki bila kulia kama nyenje, kwa makombo yaliyonasa chini yake.

3. Nilipofanikiwa kupata seli zisizo na mbebaji hata mmoja, niliita watu wote waje kushuhudia. Jopo la wafadhili lilikuwa linakuja wiki ileile kuamua kama maabara yangu iendelee au ifungwe. Nilikuwa nimezitia seli rangi ya kijani inayong'ang'ania yale mafuta, hata ukingo wa kila seli ukang'aa kama pete. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: weka homoni, mafuta yakatwe, pete izimike, na kwa kuwa mbebaji hayupo, isirudi tena. Mama yangu nilishamwambia kuwa nimeshinda, naye alishawatangazia wanawake wote wa kanisa letu la Kigiriki.

Pete ilizimika. Tukasubiri. Halafu, Profesa, ikarudi. Taratibu, safi, seli moja baada ya nyingine. Dk. Trezise akainama mbele ya skrini, akavua miwani, akaivaa tena.

"Zimepona, Despina," akasema. "Tena zinakusalimia."

Huong alicheka mpaka ikabidi atoke nje.

4. Wenzetu walipoondoka, yeye hakuondoka. Muungwana akishashinda huenda kwake. Huyu alivuta kiti.

"Gonga tena," akaniambia.

"Nigonge nini?"

"Seli. Umezibishia hodi mara moja tu. Labda zilikuwa na akiba. Au mbebaji wako ana ndugu, protini nyingine inayomshikia zamu, na ndugu huyo hajachoka bado."

"Neville, nenda nyumbani. Mkeo anakusubiri."

"Avis yuko kwenye kwaya. Gonga, bwana!"

Nikaweka homoni tena. Pete ikazimika, ikarudi kwa kusuasua. Nikaweka tena, ikarudi nusu, yenye mapengo. Nikarudia tena: ikazimika, na safari hii hatukuona kitu. Tulikaa pale tukiutazama ukingo mweusi. Seli za kawaida, zenye mbebaji, tulizifanyia vilevile, nazo ziliendelea kuwasha pete kana kwamba hatujazigusa.

"Basi mimi ndiye niliyekosea," akasema Dk. Trezise. "Miaka yote hii. Hebu tazama!" Akacheka kama mtu aliyeletewa zawadi.

5. Hapa ndipo kosa lake lisilosameheka. Amenipokonya ushindi wangu. Nilikuwa na hotuba ya siku hiyo, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo, yenye kejeli za hali ya juu. Utamtoleaje hotuba kama ile mtu anayekusaidia kupanga picha? Mbaya zaidi, mbele ya jopo alisimama bila kuombwa. "Kazi yangu ilikuwa kubisha," akawaambia. "Aliyeona ukweli ni Dk. Kanellos." Jopo limetuongezea muda. Mama yangu sasa anamwombea kanisani kwa jina lake kamili, heshima ambayo mwanawe wa kumzaa hajawahi kuipata.

6. Ameshaanza kubisha upya. Anadai yule ndugu wa zamu ndiye mwenye kazi yote, na huyu wangu hujitokeza tu kukiwa na msongamano. Nimejaribu kumpinga na nimeishiwa hoja, jambo ambalo naliona kuwa unyanyasaji kazini.

Kwa hiyo naomba aondolewe leo hii. Ikiwa sheria haziruhusu, ahamishiwe kwenu mifupani, abishane na wewe. Naamini baada ya wiki mbili utaniandikia barua ndefu kuliko hii.

Msalimie katibu wako, bwana wa mapokezi, na wote wa ghorofa ya juu, hata yule aliyeazima darubini yetu akairudisha imefungwa kwa utepe wa gundi.

Wako katika utumishi,
Dk. Despina Kanellos

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, Neville amechungulia mlangoni kunionyesha barua yake ya kustaafu. Yeye na Avis wanahamia Cairns kwa binti yao. Sasa hivi anapanda ngazi kuja kwako, polepole, kwa sababu ya nyonga. Mimi nitatumia lifti, barua hii ikufikie kabla yake. Tafadhali, usisaini chochote atakachokuletea. Mwambie jengo lina sheria mpya. Mwambie nimekosea mahali kwenye matokeo ya jana, sijui ni wapi, na humu ndani hakuna mwingine anayethubutu kunibishia.