Cornel Anautaka Uso Wangu

Geita, Jumatatu, 2 Machi 1953

Nafasi ni moja! Daktari katangaza asubuhi: dresa mmoja wa hospitali hii ya mgodi atapelekwa Mwanza kwa mafunzo ya miezi sita. Akirudi atavaa koti refu jeupe. Dresa, wafunga vidonda, tupo wawili. Mimi, Otmar, mwenye akili. Na Ansgar, mwenye mwandiko mzuri. Mwandiko! Kama vile vidonda hutibiwa kwa kalamu.

Nimeapa: koti ni langu.

Jambo jingine. Cornel kazinduka leo, siku ya tisa tangu jiwe la shimoni limwangukie kichwani. Nilikuwa nimeinama nambadilishia bendeji. Ghafla macho yakafunguka, karibu kabisa na yangu. Nikapiga ukelele, beseni likaanguka, maji yakamwagika hadi kitanda cha tatu. Wagonjwa wote walishtuka. Yeye hakupepesa hata kope. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua iliyofutika. Kisha akauliza kwa sauti ya upole, "Hivyo unavyofanya na uso, unafanyaje?"

Nilikwenda kutafuta tambara.

Jumanne, 3 Machi

Mkewe Cornel, Scolastika, alikuja kutoka kambi ya wafanyakazi na kifurushi cha michembe, vile viazi vikavu. Cornel akafurahi kama mtoto. Alicheka kwa kila kipande cha kiazi, akamsifu mkewe, akamsifu na aliyelima. Scolastika naye akacheka, akapata moyo, akamwambia yaliyokuwa yamemkaa kooni: mama yake Cornel amefariki kule Ushirombo, wakazika yeye akiwa hajitambui.

Cornel akasema, "Aha." Akauliza kama michembe imebaki.

Scolastika akaanza kulia. Mumewe akasogea, akainamisha kichwa, akalifuata chozi moja kwa macho mpaka kidevuni. Akaligusa kwa kidole kama fundi anayetafuta bomba linapovujia.

Mchana Daktari alitueleza, mimi na Ansgar. Kwamba ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, kuna vijibonge viwili, kila kimoja kama punje ya karanga. Yeye anadhani hofu huwakia humo. Furaha ina njia zake nyingine. Jiwe limeharibu huku, kule halikugusa. Basi Cornel anaweza kufurahi, hawezi kuogopa. Wala uso wa mwenye hofu haumwambii kitu tena. Alisema wataalamu wenyewe bado wanabishana. Akatamani mtu amwangalie mgonjwa huyu siku kwa siku na kuandika.

Ansgar akaomba karatasi papo hapo. Nyoka yule!

Hapo ndipo nilipopata wazo.

Jumatano, 4 Machi

Mtu kuangalia tu ni uvivu. Mtaalamu hujaribu.

Nilikwenda kwa Mzee Athanas, mmoja wa Wayeye, wale wacheza ngoma na nyoka. Nikamwamkia vizuri, nikaomba aniazime nyoka aliyeng'olewa meno. Akanionyesha vikapu viwili. Nikabeba kimoja upesi, nisije nikabadili nia.

Nikakiweka kitandani kwa Cornel, nikakifunua kwa fimbo ya ufagio. Cornel akaingiza mkono, akatoa kifutu mnene kama mkono wangu, akajivika shingoni. Akamsifu kwa ngozi nzuri. Nikasogea ukutani. Akasogea. Nikapanda juu ya kabati la dawa. Akaja mpaka chini ya kabati, akamnyanyua yule nyoka kunielekea, taratibu, huku macho yake hayamtazami nyoka kabisa. Yananitazama mimi.

Hakuwa na hasira. Hakuwa akitania. Ningependa sana angekuwa anatania.

Mzee Athanas alifika akihema. Nilichukua kikapu kisicho chenyewe! Asiye na meno alibaki nyumbani. Akamtoa kifutu shingoni mwa Cornel kwa kumwimbia.

Na Ansgar? Alikuwa mlangoni muda wote, anaandika. Jioni Daktari kamsifu kwa taarifa yake. Kurasa mbili. Mimi nimo, nimeitwa "mtu mmoja aliyekuwa juu ya kabati".

Ijumaa, 6 Machi

Hospitali imebadilika. Watu wanaongea kwa kunong'ona, jua likiwa utosini.

Cornel anaruhusiwa kutembea. Hatembei kama wengine. Unakuta yuko nyuma yako. Hasemi, hagusi, anangoja tu ugeuke. Mpishi kageuka jana na sufuria ya uji, uji wote chini. Wagonjwa wawili wenye homa kali wameomba waende nyumbani, wakasema wamepona. Wanatetemeka, lakini wamepona!

Leo saa sita mchana niliingia chumba cha kufungia vidonda. Nikafunga mlango. Nyuma ya mlango palikuwa na Cornel, amesimama wima, mikono ubavuni. Sijui alikaa hapo tangu lini. Nilipiga yowe. Akaja mpaka pua yake ikakaribia yangu, akaukagua uso wangu, nyusi, mdomo, mashavu. Akatabasamu.

"Ahsante, Bwana Dresa," akasema. Akaenda zake.

Kisha Scolastika akaniita pembeni, nyuma ya jiko la hospitali. Jana mumewe alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani mchana. Scolastika akiwa anapepeta, akaona hasikii tena sauti ya mtoto. Akatoka. Cornel alikuwa kisimani, amemshika binti yao Generosa, wa miaka minne, kwa mikono miwili juu ya mdomo wa kisima. Mtoto hana hata sauti ya kulia. Baba anamtazama usoni, kwa upendo.

"Hakukusudia ubaya, Bwana Dresa," Scolastika akaniambia. "Angekusudia, ningejua la kufanya. Mwambie Daktari amzuie hapa, asije nyumbani."

Nikamwahidi. Nikamwapia kabisa.

Ila nimefikiri. Nikimwambia Daktari, Cornel atafungiwa chumba cha peke yake, na taarifa yangu ndiyo kwanza ina ukurasa mmoja. Nitamwambia wiki ijayo.

Jumapili, 8 Machi

Baada ya misa nyapara Thobias alinishika mkono. Daktari amekwenda Mwanza mpaka Alhamisi, na Thobias analijua hilo. Shida yake: njia mpya ya shimoni, yenye mwamba mzuri, watu wanakataa kuiingia. Wanasema paa linalia. Amesikia kuna mtu hospitali ambaye hofu imemtoka. Anamtaka. Kinachohitajika ni cheti tu kwamba amepona.

Ansgar alikwisha kukataa. Alimwambia eti mgonjwa hajapona, na aliyepoteza hofu ndiye wa kwanza asiyepaswa kupelekwa penye hatari. Mtu wa mwandiko, anajua nini?

Mimi nikaona mbali. Nitashuka naye, nitaandika habari za mtu asiye na hofu akiwa kazini, tumboni mwa ardhi. Daktari atasoma mpaka miwani imwanguke! Na Thobias ataniandikia barua ya sifa.

Nimeandika cheti. Muhuri ulikuwa kwenye droo. Droo haikuwa imefungwa sana.

Jumanne, 10 Machi

Atakayesoma anisamehe mwandiko.

Tulishuka saa tatu asubuhi. Huko chini asubuhi hakuna. Joto, harufu ya baruti, maji yanadondoka mahali usipopaona. Wanaume kumi wa Thobias walisimama kwenye mdomo wa njia mpya, hakuna aliyeingia. Thobias akanong'ona kwa Kisukuma, nikasikia neno moja tu, *mhola*, yaani salama, alikuwa anauliza. Wote wakatazama paa.

Cornel akaingia akiimba wimbo wa kanisani. Nikamfuata na daftari. Thobias nyuma yangu.

Nikasikia. Paa kweli lilikuwa linalia. Si sauti kubwa. Kama mtu anayejigeuza kitandani chumba cha pili. Vumbi jembamba likaanza kushuka mbele ya taa, polepole. Gogo moja lililoshikilia paa likapasuka katikati: *ta!*

Thobias akakimbia. Wanaume kumi wakakimbia. Cornel akaweka nyundo chini, akainua uso akatazama juu, kama mkulima anayetazama wingu.

Mimi nikajibana ukutani. Nikamwita. Nikamwambia paa linaanguka. Akasema ndiyo, analiona. Hakuondoka. Alijua kabisa, kujua hakukumsukuma hata hatua moja.

Ndipo nilipopiga yowe. Si la ushujaa. Lilitoka lenyewe, kutoka mahali ambapo sikujua kama ninapo. Cornel akageuka. Taa ya kofia yake ikanipiga usoni, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha.

"Hapo hapo," akasema. "Usiache."

Akaja kwangu. Nikarudi nyuma. Akaja. Nikarudi nyuma, mgongo mbele, sithubutu kumpa kisogo, naye ananifuata hatua kwa hatua na ile taa, njia nzima, huku akiniomba nisifumbe macho. Tulipofika kwenye njia kuu, paa la kule tulikotoka likashuka. Lote. Upepo wake ulituangusha chali.

Kukawa giza. Kisha kiberiti. Cornel amewasha taa, na kitu cha kwanza alichomulika si jeraha lake, ni uso wangu. Nilikuwa nalia.

Akasema hapana, si huo.

Alhamisi, 12 Machi

Siku mbili nilikuwa shujaa. Thobias alieneza kambi nzima kwamba dresa alimtoa mtu chini ya paa linaloanguka. Sikukanusha. Kukanusha sifa ni utovu wa adabu.

Leo Daktari karudi. Cheti mezani, muhuri juu yake. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama nilimwona Cornel akisimama pale bila kukimbia. Nikasema nilimwona. Akasema basi nimeona kazi ya hofu kuliko yeye aliyeisoma vitabuni miaka yote. Furaha humwita mtu, hofu humwondoa. Cornel amebakiwa na ya kumwita tu.

"Siku ile mlikuwa watu wawili na hofu moja, Otmar. Ilikuwa yako. Ikawatosha."

Nilidhani ni pongezi, nikaanza kushukuru. Kumbe nimefukuzwa kazi! Ansgar anakwenda Mwanza. Alikuja kuniaga, akanipa shati lake la pili, akasema ana huzuni kwa ajili yangu. Huzuni! Hata huruma yake ina mwandiko mzuri.

Scolastika ameondoka leo na Generosa kwa lori la pamba, kwenda kwa kaka yake Ushirombo. Habari za kisima alimweleza Daktari mwenyewe, alipoona mimi sina habari. Hakuniamkia.

Cornel alimsaidia kupakia mizigo. Alipanga kila kitu vizuri, sufuria isimwumize mtoto. Generosa alikuwa amejificha kwenye sketi ya mama yake, hatoki. Scolastika akamwuliza mumewe kama atamkumbuka.

Akafikiri. Alifikiri kweli, mpaka dereva akapiga honi.

"Jina lako nitalikumbuka, na mapishi," akasema. "Najua palikuwa na kingine hapo. Napapapasa, sikioni."

Scolastika akamshika shavu kidogo, akapanda. Cornel alipunga mkono akicheka mpaka vumbi likaisha, kwa sababu lori lile lilikuwa jekundu na yeye anapenda wekundu.

Nilitaka kuandika jambo hapa juu ya mama yule. Sikuweza.

Jumamosi, 14 Machi

Wazo! Wazo kubwa kuliko yote!

Huko Nungwe, ziwani, kuna mfanyabiashara anatafuta ngozi za mamba. Watu wa huko wanawaogopa mamba. Hilo ndilo kosa lao. Mimi ninaye mtu ambaye kwake mamba na mbuzi ni mamoja.

Daktari hatamzuia, Cornel keshatoka hospitali jana kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyethubutu kusimama mlangoni. Nilimkuta kwenye gogo mbele ya nyumba yangu, ananingoja. Nikamweleza mpango: yeye aingie majini, amfunge mamba kamba na kumvuta. Mimi nikae juu kabisa ya kilima, niongoze kazi. Ndivyo inavyopaswa, mimi ndiye mwenye elimu.

Alisikiliza kwa makini. Akakubali yote, ila akaomba badiliko moja dogo. Kamba ataishika yeye, tena akiwa nchi kavu. Mimi nikae kwenye ukingo, miguu ndani ya maji, nimtazame yeye. Anasema hivyo kazi itakwenda vizuri zaidi, na kwamba hataki mtu mwingine yeyote, ni mimi tu.

Mwishowe kuna mtu ametambua thamani yangu! Nimekubali. Tunaondoka kesho baada ya misa.

Ameniuliza mara mbili kama asubuhi huko ziwani kuna mwanga wa kutosha.